Barua Isiyo na Chanzo

Profesa alipiga simu saa mbili asubuhi, tena kwa jambo dogo tu.

"Bi Tanbihi," alisema, maana hata yeye alikwisha kulisahau jina lake la kwenye vyeti, "kitabu chako cha barua kiko mezani kwangu. Ni kizuri. Ila barua ya ishirini na tatu haina chanzo."

"Haiwezekani, Profesa."

"Mimi nimezeeka, lakini kusoma bado najua. Barua ya yule bwana mwenye dirisha la blanketi. Umeandika 'mwandishi hajulikani'. Haya, hajulikani. Lakini wewe umeitoa wapi? Kitabu gani, ukurasa gani? Nimeitafuta wiki nzima, siioni popote."

"Leo leo nitakuletea, Profesa. Naomba radhi."

Bi Tanbihi alikata simu akiwa na aibu ya kweli. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa mganga wa kuwagombeza waganga wenzake. Hakuna mtu aliyewahi kusema jambo mbele yake asiulizwe kalitoa wapi. Ukimwambia mvua itanyesha, atataka chanzo. Ndiyo maana akabatizwa Bi Tanbihi, kwa yale maelezo madogo yanayokaa chini ya ukurasa kusema hiki kimetoka wapi na kile kimesemwa na nani. Aliyembatiza ni Fundi.

Fundi naye hakuwa fundi. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kama yeye, wakigawana meza moja na birika moja la chai katika chumba cha mwisho cha idara ya fasihi. Aliitwa hivyo kwa sababu alitengeneza kila kilichoharibika, kuanzia mashine ya kuchapia hadi kitasa cha choo, na kwa sababu mikono yake ilikuwa hodari kuliko mdomo wake. Ukimweka mbele ya watu watatu, ulimi unamgoma. Ukimpa kalamu, utamkimbiza usimpate.

Wote wawili walisoma fasihi ya ulimbwende, yaani wale waandishi wa miaka mia mbili iliyopita waliolilia milima, mawingu, na wanawake wasiowataka. Siku moja, chai ikiwa imepoa, Tanbihi alisema ni dhambi mambo matamu kiasi kile kusomwa na watu kumi na mmoja duniani. Wiki iliyofuata wakaanzisha kipindi mtandaoni, wakakiita *Saa ya Walimbwende*. Wafuasi mia wa mwanzo walikuja kutafuta mafuta ya nywele, na mmoja akauliza wanja wanauza bei gani. Lakini wengine walikaa. Baada ya mwaka walikuwa elfu arobaini: wauguzi wa zamu, mafundi cherehani, madereva wa masafa marefu, akina mama waliosikiliza huku wakikunja nguo.

Kazi waligawana. Fundi alitafsiri barua za waandishi wale, Tanbihi akazisoma na kuzieleza, Fundi akarekodi na kuhariri. Studio yao ilikuwa stoo ya nyumba ya shangazi yake Tanbihi, aliyemlea tangu utoto. Dirisha waliliziba kwa blanketi la kijivu ili kelele za barabarani zisiingie. Meza ya mitambo ilielekea ukutani, kwa hiyo Fundi alirekodi akiwa amempa mgongo, hedifoni masikioni. Alikata vikohozi vya Tanbihi, mikwaruzo ya kiti, na mlio wa jogoo wa jirani, lakini kuna kitu kimoja hakukata.

"Pumzi zako sizigusi," alimwambia siku moja. "Mtu akikatwa pumzi anabaki mashine."

Na walikuwa na sheria moja, aliyoileta Fundi mwenyewe. Kila kipindi kilifunguliwa kwa Masahihisho. Kama juzi walikosea tarehe au jina la mji, leo wanakiri kwanza, halafu ndipo wanaendelea. Wasikilizaji waliipenda sehemu hiyo kuliko mashairi.

Ilikuwa miaka miwili na miezi miwili tangu Fundi aondoke. Sasa Tanbihi alirekodi na kuhariri peke yake, na barua zile alikuwa amezikusanya ziwe kitabu.

Asubuhi hiyo aliingia stoo, akafungua kompyuta, akaitafuta barua ya ishirini na tatu. Folda yao iliitwa Tayari, na hakuna tafsiri iliyoingia humo bila kadi juu yake: nani ameandika, kwa nani, lini, imetoka wapi. Hiyo ilikuwa amri ya Tanbihi. Barua ya dirisha ilikuwemo, lakini kadi haikuwepo.

Akakumbuka wiki ile. Alikuwa na usaili wa kazi ya uhadhiri, amechanganyikiwa. Fundi alikuwa amekwenda kumwona mama yake siku mbili. Yeye akarekodi vipindi vitatu kwa mkupuo mmoja, akiokota barua zilizo juu juu. Hii aliiona haina kadi, akajisemea, ah, kadi italetwa. Akasoma, akaeleza, akamtumia Fundi sauti aihariri.

Sasa aliisoma tena, polepole.

*Nimekuzoea kwa mgongo. Wewe unasema, mimi nimekupa kisogo, na bado nakuona kuliko wanaokutazama usoni. Najua mahali unapovuta pumzi kabla ya neno gumu. Chumba chetu kina dirisha moja, nalo limezibwa kwa blanketi, lakini sijapata kukaa mahali penye mwanga kama pale. Sina shamba, sina cheo, na mdomo wangu ni mzito. Wa nyumbani kwako wameniambia maneno hayajengi nyumba. Sina cha kuwajibu ila hiki: nipe nafasi nijifunze kujenga. Ukikubali, niulize, nami nitakwambia yote kwa mdomo wangu. Ukikataa, usiseme neno. Nitaelewa.*

Tanbihi aliinua macho. Mbele yake lilikuwa dirisha, na kwenye dirisha lilikuwa blanketi la kijivu.

Akanyanyuka akaenda jikoni.

Shangazi alikuwa akimenya vitunguu. Alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke wa kusema ukweli bila kuutia sukari.

"Shangazi, ile Jumapili Fundi aliyokuja kula hapa. Mimi nilipotoka kwenda dukani, ulimwambia nini?"

"Wee, miaka yote hiyo! Nilimwambia nini?"

"Kumbuka, tafadhali."

Shangazi akaweka kisu. "Nilimuuliza kazi yake hasa ni ipi. Akasema anasoma barua za watu waliokufa. Nikamuuliza, na walio hai unawaandikia lini? Akacheka. Nami nikamwambia, mwanangu, mimi sina ubaya na wewe, ila huyu binti nimemlea kwa mikono yangu, na maneno hayajengi nyumba." Akamtazama. "Kwani vipi? Mbona umekuwa hivyo?"

"Aliniandikia, Shangazi."

"Si vizuri?"

"Nikaisoma mbele ya watu elfu arobaini, nikidhani ni ya marehemu."

Shangazi hakuelewa, kwa hiyo Tanbihi alileta kompyuta akamsikilizisha. Sauti yake mwenyewe, changamfu, ya mtu aliyekuwa na haraka: "Wasikilizaji wangu, mimi huyu bwana simwamini. Hampendi mwanamke, anapenda huzuni yake mwenyewe. Anampa mtu mgongo halafu anataka sifa! Ningekuwa mimi, nisingejibu. Barua ya namna hii jibu lake ni kimya." Kisha kicheko.

"Mama yangu," alisema Shangazi.

"Na ndiye aliyeihariri. Alikaa akanisikiliza, akasafisha, akairusha."

Akakumbuka na stesheni. Wiki tatu baada ya kipindi kile, Fundi alisema amepata kazi mji mwingine, Tanbihi akamsindikiza. Alimpa mkono akamwambia ukifika utujulishe. Fundi akasema, "Nimesikia, Tanbihi. Nimesikia vizuri kabisa." Yeye akadhani anazungumzia mambo ya sauti. Alirudi nyumbani akakuta hedifoni zimening'inia kwenye msumari, na hapo ndipo alipojua kwamba anampenda. Alingoja simu. Simu ilipokosa kuja, alijipa jibu kwamba huyu mtu hakuwahi kumtaka, na akafunga mlango huo kwa kiburi, kama wasomi wanavyofunga milango.

"Nakwenda," alisema.

"Piga simu kwanza. Miaka miwili ni mingi, mwanangu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

"Nikipiga simu nitaogopa."

Alipanda treni ya saa nne. Njia nzima, mwendo wa saa tatu, aliandika kwenye daftari alilolipakata. Aliandika Masahihisho. *Wapenzi wasikilizaji, katika kipindi cha barua ya dirisha nilisema mwandishi wa barua hajulikani. Nilikosea. Nilisema mwanamke yule alifanya vyema kutojibu. Nilikosea zaidi.* Alifuta, akaandika upya, akafuta tena. Alitabasamu peke yake hadi abiria wa mbele akamwuliza kama ana harusi.

Fundi alifanya kazi kwenye maktaba ya sauti ya wasioona, jengo la ghorofa moja lenye reli ya mkono iliyopita ukutani kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Hapo vitabu vilisomwa vikarekodiwa, watu wasioona wakaazima sauti badala ya karatasi. Mapokezi aliketi mwanamke mwenye hedifoni, vidole vyake vikipita juu ya daftari la nukta nundu. Tanbihi alisubiri amalize mstari.

"Samahani. Namtafuta..."

Mwanamke akainua kichwa, hedifoni zikateleza shingoni. "Hebu sema tena."

"Nilikuwa namtafuta..."

"Bi Tanbihi!" Alipiga meza kwa kiganja. "Wallahi ni wewe! Mimi sauti hainipotei. Kila Ijumaa nakusikiliza, niwe mzima niwe mgonjwa!"

Alisimama, akaizunguka meza kwa uhakika wa mtu anayekijua chumba chake, akampa mikono yote miwili. Aliposimama ndipo Tanbihi alipoona tumbo. Lilikuwa la miezi saba, pengine nane.

"Mume wangu hakuniambia kama unakuja. Ngoja nimgombeze!"

"Mume wako..."

"Fundi. Hata huku wanamwita hivyo hivyo. Kaa, kaa dada yangu. Yuko ndani anarekodi, hawezi kutoka mpaka sura iishe."

Tanbihi alikaa.

"Mimi kazi yangu hapa ni kusikiliza makosa," mwanamke aliendelea, furaha imemjaa. "Kitabu kikimaliza kurekodiwa nakisikiliza mwanzo mwisho, naandika, hapa neno limerukwa, hapa amekosea. Mpaka pumzi nazisikia. Msomaji akivuta pumzi kabla ya neno, najua neno hilo linamtisha. Mume wangu anasema mimi ni balaa."

"Ni kipaji," alisema Tanbihi. Alishangaa kuona bado anaweza kuzungumza.

"Lakini wewe, dada, kuna jambo hulijui. Wewe ndiye mshenga wetu!"

"Mimi?"

"Kile kipindi cha barua ya dirisha. Unakikumbuka? Ulisema ungekuwa wewe usingejibu. Mimi nilikasirika! Nilikuwa nakunja nguo, nikazitupa. Nikashika simu nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kipindi, maneno mawili tu: 'Mimi ningejibu.' Kumbe anayesikiliza ujumbe wa wasikilizaji ni yeye. Siku ya tatu akanijibu. Akaniuliza, ungejibu nini?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, mwanamume amekupa mgongo, utamjibu nini tena? Ningemwambia, 'Geuka.'" Akacheka, mkono tumboni. "Basi. Yakaanzia hapo. Mtoto akizaliwa tutamsimulia kwamba mama yake alijibu barua ya marehemu, akapata aliye hai."

Tanbihi alicheka naye. Ilikuwa kazi ngumu kuliko usaili wowote.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, Fundi akatoka na kikombe mkononi. Alikuwa ameongezeka kidogo. Alimwona Tanbihi akasimama pale pale.

"Umeona nani kaja?" mkewe alisema. "Mpeleke ndani mkaongee. Mimi nina sura mbili za kumaliza kabla ya saa kumi. Chai iko kwenye chupa, na usimnyime sukari."

Chumba cha kurekodia kilikuwa na kuta za sponji na viti viwili. Fundi alifunga mlango. Hakuna sauti iliyotoka humo wala kuingia. Walikaa, na Tanbihi akatambua kuwa miaka yote ile hawakuwahi kukaa studio wakitazamana. Macho ya Fundi yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Hilo nalo hakuwa akilijua.

"Profesa anataka chanzo cha barua ya ishirini na tatu," alisema.

Fundi aliweka kikombe chini. "Imechukua muda."

"Sikujua, Fundi."

"Hukujua nini?"

"Kwamba ni yako. Kwamba ni yangu. Nimejua leo asubuhi."

Alimwona akijaribu kulielewa neno hilo. Alimwona akilielewa. Akajishika magoti kwa mikono miwili.

"Mimi nilidhani umenijibu," alisema taratibu. "Nilidhani umeona usiniumize ana kwa ana, ukaipitisha kwa marehemu, ili nisikie na mtu mwingine asijue. Nikakusifu, Tanbihi. Nikasema, huyu kanisitiri."

"Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na usaili."

"Usaili."

"Ndiyo. Na ile kazi sikuipata."

"Nilikaa na sauti yako siku mbili," alisema Fundi. "Ulikuwa umekohoa mara nne, nikakata. Kicheko nilikiacha."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kizuri."

"Mbona hukuniuliza? Ungesema tu, Tanbihi, ile barua..."

"Niliandika ukikataa usiseme neno. Ukasema hadharani jibu lake ni kimya, halafu ukanyamaza wiki tatu. Ningeuliza nini tena? Na wewe je? Wewe! Uliyemwuliza muuza karanga chanzo cha karanga zake! Niliiweka Tayari bila kadi makusudi. Nilisema, huyu hawezi kuona karatasi isiyo na chanzo akanyamaza. Ataniuliza tu, nami hapo ndipo nitakaposema. Mara moja tu maishani hukuuliza."

Hilo la karanga liliwachekesha wote wawili, kwa sababu lilikuwa kweli. Walicheka kama zamani, halafu wakakumbuka na kicheko kikaisha.

"Jibu lilikuwa ndiyo," alisema Tanbihi. "Nataka ulisikie hata kama halina kazi tena. Nilikupenda. Nilijua siku ile ile uliyoondoka, nilipoona hedifoni kwenye msumari. Nikangoja uwe wa kwanza kusema. Mjinga mimi, ulikuwa umekwisha sema."

Machozi yalimjaa Fundi, akayaacha yajae.

Tanbihi akatoa daftari. "Nimeandika Masahihisho. Si ni sheria yako? Msomi asiyejisahihisha ni mwongo mwenye shahada, ulisema. Sina kosa kubwa kuliko hili. Kila siku watu wanakifungua kile kipindi wananisikia nikikukataa, nikicheka."

"Wanasikia ukimkataa marehemu."

"Wewe unasikia nini?"

"Tanbihi." Alilivuta jina hilo pole pole. "Usikisahihishe."

"Fundi..."

"Anaamini alijibu barua ya mtu aliyekufa zamani. Ni kitu chake. Anakisimulia kwa kila mtu, sasa hivi kakusimulia na wewe, sivyo? Ukisahihisha, atajua kwamba barua ilikuwa na mwenyewe. Atajua aliingia kwenye nyumba iliyokuwa ikimngoja mtu mwingine. Hatasema kitu. Atakaa asikilize, na atasikia kosa kila mahali, maana hiyo ndiyo kazi yake."

"Unampenda?"

"Nampenda." Hakusita. "Na lazima nikwambie hivyo, ili ukipanda treni usibebe tumaini. Aliniambia nigeuke, nikageuka. Kwako wewe nilikuwa nimepanga kuongea nikiwa nimetazama ukuta. Kosa lile si lako peke yako. Mtu mzima naandika barua, naificha katikati ya barua za marehemu, halafu nashangaa kuzikwa nazo."

Tanbihi alilitazama daftari. Kurasa nne, mwandiko umepinda kwa mtikiso wa treni. Akazichana moja moja, akazikunja, akamkabidhi.

"Nizihifadhi wapi?" Fundi aliuliza.

"Usizihifadhi. Zisome, halafu uzichane. Na jibu lake..."

"Kimya," alisema Fundi.

"Kimya."

Mapokezi, mkewe aliwasikia wakija akavua hedifoni. Alimkumbatia Tanbihi kwa pembeni, tumbo likiwa katikati yao, na mtoto akapiga teke.

"Umemsikia? Anakuaga. Mbona sauti yako imeshuka, dada? Safari imekuchosha?"

"Kidogo. Vumbi la treni."

"Pole. Usije ukakiacha kipindi, tafadhali. Mimi ndiye msikilizaji wako wa kwanza kila Ijumaa. Nitakusikiliza hata wodini."

"Sitakiacha," Tanbihi alimwahidi.

Shangazi alikuwa ameketi barazani jua likishuka, amevaa viatu kabisa, kama aliyetaka kumfuata. Alimtazama mara moja usoni akajua. Mwanamke huyu alikuwa na methali ya kila msiba, lakini jioni hiyo hakutoa hata moja.

"Ana mke," alisema Tanbihi. "Mwema. Sina hata la kumchukia."

"Mimi ndiye niliyeharibu. Mimi na mdomo wangu."

"Hapana, Shangazi. Usilibebe hilo."

"Nilimwambia maneno hayajengi nyumba."

"Yamejenga," alisema Tanbihi. "Nimetoka kuiona."

Akaweka kichwa kwenye mapaja ya shangazi yake, mtu mzima na shahada zake tatu, akalia mpaka kanga ikalowa. Shangazi alimpapasa nywele tu.

Asubuhi alimpigia Profesa.

"Ile barua tuitoe kitabuni."

"Tuitoe? Ndiyo nzuri kuliko zote! Chanzo hukukipata?"

"Nilichelewa kukitafuta, Profesa."

Profesa akaguna. Kwa miaka yote ya kumfundisha, hakuwahi kumsikia akiacha jambo bila chanzo. Alitaka kuuliza, lakini umri ulimshauri vinginevyo. "Haya," alisema. "Basi zitabaki thelathini na tisa."

Siku ya kurekodi alifunga mlango wa stoo, akalinyoosha blanketi dirishani, akawasha mitambo. Aliwakaribisha wasikilizaji kwenye *Saa ya Walimbwende*. Akawatania wanaotafuta wanja. Halafu akafika pale walipopangojea wote.

"Masahihisho," alisema. Akavuta pumzi. "Leo hatuna."

Akaendelea na kipindi hadi mwisho, akasoma vizuri, tena akachekesha.

Alipokaa kuhariri, alikata kikohozi kimoja na jogoo wa jirani. Kisha akaifikia ile pumzi kabla ya "leo hatuna". Ilikuwa ndefu, na ilitetemeka mwishoni. Hakuwahi kuikata pumzi yake hata moja tangu aachiwe mitambo ile, kwa sababu Fundi hakuzikata.

Aliirudisha akaisikiliza mara tatu. Alimfikiria mwanamke mwenye masikio makali, Ijumaa, miguu imevimba, amejilaza na hedifoni zake, na mume wake kakaa karibu naye.

Akaikata. Akasikiliza tena kuhakikisha. Hapakusikika kitu chochote.